Tarehe Tuliyoisogeza

Kila Jumamosi mchana, baada ya usafi na chakula, sisi mafrateri hutawanyika kwenda utume. Wengine huenda gerezani, wengine vigangoni kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Sisi watatu tulipangiwa hospitali. Mwanzoni tulijikita wodi ya wanaume, kwa sababu huko tulijua la kusema. Mtu aliyevunjika mguu unampa pole, mnasali kidogo, kisha mnazungumzia mpira. Siku moja sista msimamizi wa wodi ya watoto njiti akatusimamisha kwenye korido, akatuomba tupite na kwake. Alisema kina mama wale hukaa humo hata miezi miwili, na mtu pekee wa kuzungumza nao ni muuguzi, naye muuguzi ana kazi.

Tulifundishwa kwanza kuvua saa, kunawa mikono hadi viwikoni na kushusha sauti. Ndani mna joto kama la jikoni. Watoto wamelala wamefunikwa kofia za sufi, wengine wana uzito wa kilo moja tu, sawa na pakiti ya sukari. Mirija midogo imeingia puani. Mguuni kila mmoja amefungwa kifaa chenye taa nyekundu kinachoonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu, na kikilia, kina mama wote hugeuka, hata ambaye mtoto wake si huyo. Wale waliopata nguvu kidogo hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mama akiwa amefunga kanga juu yao. Tulisoma mengi darasani juu ya thamani ya uhai wa binadamu tangu kutungwa mimba. Humo ndani kuna wanaoulinda kwa kuhesabu matone ya maziwa.

Humo ndimo tulikomfahamu mama tunayetaka kumsimulia. Ametupa ruhusa, ila hatutamtaja jina wala kigango chake. Alijifungua binti mimba ikiwa na wiki 28, gramu 1050. Usiku ule ule sista alimbatiza mtoto kwa dharura, maji akiyatoa kwenye bomba la sindano, kwa sababu kichwa kilikuwa kidogo mno na kikombe kingemlowesha mwili mzima. Hakuna aliyetarajia alfajiri. Ikafika alfajiri, ikafika Jumapili, ukapita mwezi.

Ndugu msomaji, mtu ambaye hajaingia wodi ile hawezi kujua furaha ya gramu 20. Jumamosi moja mama alitupokea na habari hiyo kabla hata hatujasema "Tumsifu Yesu Kristo." Tulimshukuru Mungu kwa kila gramu. Tulidhani vita ni moja tu, ya kuishi au kufa, na kwamba mtoto akishinda hiyo amekwisha kushinda.

Alipofikisha wiki nne, daktari wa macho alikuja kumpima. Tulikuwepo, nasi tulishangaa: mtoto wa kilo moja na robo anapimwa macho ya nini? Wakamtia matone ya kupanua mboni, wakamviringisha kwenye kanga, wakampa tone la maji ya sukari ulimini ili apunguze kulia. Daktari akavaa taa kichwani, akashika lenzi mkononi, akachungulia ndani ya jicho. Akaandika tarehe ya kurudia. Wiki mbili baadaye akapima tena, akaandika tarehe nyingine, safari hii akaipigia mistari miwili chini. Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani siku chache baadaye akiwa na kilo moja na gramu mia saba. Tarehe yenye mistari miwili ilikuwa Alhamisi.

Sasa tuseme tulichofanya.

Padre wa parokia yao hufika kigangoni mara moja kwa mwezi. Jumapili ya mwezi ule iliangukia siku tatu baada ya ile Alhamisi. Familia ilikuwa imeamua kwamba siku hiyo mtoto akamilishiwe ibada ya ubatizo kanisani, apakwe Krisma Takatifu, na Misa iwe ya shukrani. Walikuwa na mbuzi mmoja. Kutoka kwao hadi hospitali ni pikipiki hadi barabara kuu, kisha daladala, kwenda na kurudi nauli ya watu wawili, na mtoto wa namna ile kwenye upepo wa pikipiki. Mama akampigia simu mmoja wetu.

"Frateri, hii tarehe ya macho nayo ni lazima? Mtoto ananyonya vizuri. Macho anafungua."

Tulijadiliana sisi watatu kwenye kibaraza cha bwalo. Haikuzidi dakika tano. Tukamjibu kwamba apumzike nyumbani, amwandae mtoto kwa Jumapili, kliniki ataiwahi Alhamisi inayofuata. Tuliona tunamhurumia. Vichwani mwetu kliniki ilikuwa kama ile ya kupima uzito, ambayo ukiikosa muuguzi anakugombeza kidogo na kukupimia. Hatukumuuliza sista. Hatukumuuliza daktari. Tuliulizwa sisi kwa sababu tunavaa kanzu nyeupe, nasi tukajibu kwa sababu tuliulizwa.

Misa ilikuwa nzuri. Mmoja wetu alitumikia. Mtoto alivalishwa nguo nyeupe iliyomzidi mara tatu, na msimamizi wake wa ubatizo akawasha mshumaa kutoka mshumaa wa Pasaka. Baadaye tulijitesa sana na picha ile, tukikumbuka kwamba mtoto hakuutazama mwali. Daktari alituambia tuache: katika umri ule hata mtoto mwenye macho mazima si lazima afuate mwali, na jicho linaloharibika kwa ugonjwa huu halionyeshi chochote kwa nje. Ndiyo sababu huchunguliwa kwa taa na lenzi. Mama aliposema mtoto anafungua macho, alikuwa anasema kweli.

Alhamisi iliyofuata mvua ilikuwa imebeba daraja la miti. Alhamisi ya pili nauli haikuwepo, ilikwisha kwenye sherehe. Mama alifika hospitali wiki tatu kamili baada ya tarehe yenye mistari miwili.

Tulikuwa nje ya chumba. Daktari alitoka amevua taa, akamkalisha mama kwenye benchi, akakaa kando yake, akageuza kadi ya kliniki na kuanza kuchora. Alichora duara, na ndani yake, karibu na katikati, akaweka nukta. Tutaeleza alichosema kwa mfano wetu wenyewe, kwa kuwa seminari yetu ina shamba la maboga na kila frateri amelipalilia.

Nyuma ya jicho kuna pazia jembamba linalopokea mwanga, linaitwa retina. Pazia hilo linahitaji damu. Mtoto akiwa tumboni, kuanzia kama wiki ya 16 ya mimba, mishipa ya damu huanza kutambaa juu yake kutoka kwenye ile nukta, mahali mshipa wa fahamu unapoingia jichoni, kuelekea kingo, kama mboga ya maboga inavyotambaa kutoka kwenye shina. Upande wa pua hufika mpakani kama wiki ya 36, na upande wa sikio karibu wiki ya 40. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 amezaliwa shamba likiwa halijafunikwa. Tumboni alizoea oksijeni kidogo, na uchache huo ndio ulioiita mishipa isonge mbele. Akizaliwa anakutana na hewa, na mara nyingi na oksijeni ya mtungi, nyingi kuliko alivyozoea. Mishipa inasimama, kana kwamba imeshiba. Lakini retina inaendelea kukua. Baada ya wiki kadhaa ile sehemu ya pembeni isiyo na mishipa inaona njaa, nayo inatoa kemikali kwa wingi kuita damu. Hapo mishipa huamka kwa vurugu. Badala ya kutambaa chini kwa utaratibu, inainuka juu, inasokotana, inavuja damu, kisha inafanya makovu. Na kovu hujikunja. Likijikunja huvuta retina na kuibandua, kama vile ungevuta mboga kwa nguvu ikatoka na udongo wake.

Madaktari hugawa ugonjwa huu katika hatua tano. Watoto wengi huishia hatua ya kwanza au ya pili, na mishipa hujirekebisha yenyewe bila dawa. Ndiyo maana daktari anapoona hatua ndogo hatibu, bali anaandika tarehe. Tarehe ndiyo kazi yake yote kwa siku hiyo. Kati ya hatua inayotulia yenyewe na ile inayohitaji tiba kuna siku chache, na ugonjwa ukifika pale pa kutibiwa, tiba inatakiwa ifanyike ndani ya saa 48 hadi 72. Ukibandua retina yote, hakuna miwani, hakuna upasuaji wa kawaida, hakuna dawa ya matone itakayorudisha.

Jicho la kulia la mtoto lilikuwa hatua ya tatu, mishipa imevimba na kujipinda. La kushoto lilikuwa hatua ya nne. Retina ilikuwa imeanza kubanduka.

"Mashine ya leza iko Dar es Salaam," daktari alisema. "Nimeshapiga simu. Wanamsubiri. Siku tatu, mama, si nne."

Hakutugombeza. Aliuliza tu kwa nini walichelewa, na mama akasema mvua, daraja, nauli. Yote yalikuwa kweli. Hakututaja. Tulikuwa tumesimama pale pale.

Tulirudi seminarini tukaenda moja kwa moja kwa Baba Gambera. Alisikiliza, akatoa nauli, akaruhusu mmoja wetu awasindikize. Katekista alipiga simu kwa wenyeviti wa jumuiya, na kufikia saa nne usiku michango ilikuwa imefika kwa simu, elfu mbili, elfu tano, mmoja alituma mia tano. Saa kumi na moja alfajiri mama, bibi na frateri mmoja walikuwa kwenye basi. Wanaotoka Nyanda za Juu Kusini wanaijua barabara ile: baridi ya Makambako, mteremko wa Kitonga, kisha Mikumi, ambako watu hushangilia twiga dirishani. Bibi alikataa kutazama twiga. Alishika mguu wa mjukuu wake safari nzima.

Leza hufanya jambo ambalo mtu asiyeelezwa angeona la ajabu. Daktari huchoma kwa mwanga ile sehemu ya pembeni ya retina isiyo na mishipa, yaani anaiua kwa makusudi, ili iache kuita damu. Mtoto hupoteza sehemu fulani ya kuona kwa pembeni, na katikati hupona. Siku hizi kuna pia sindano ya dawa inayozuia ile kemikali, hudungwa ndani ya jicho lenyewe. Binti huyu alifanyiwa leza akiwa amepewa nusu kaputi. Jicho la kulia lilitulia. La kushoto halikuokoka.

Jumamosi iliyofuata hatukwenda utume. Tulikaa maktaba, na tulichokisoma siku hiyo ndicho kilichotufanya tuandike makala haya.

Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, aliandika kuhusu watoto njiti waliokutwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho. Ulikuwa ugonjwa mpya. Miaka kumi na kidogo iliyofuata ulipofusha watoto wanaokadiriwa kufikia 10,000, wengi wao katika nchi tajiri, katika hospitali zilizokuwa bora kuliko zote, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Mmoja wao anajulikana na wengi wetu: mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, wiki sita kabla ya wakati. Walilaumu vitamini, walilaumu mwanga, walilaumu maziwa. Mwaka 1951 Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, aliandika kwamba huenda tatizo ni ile oksijeni yenyewe iliyokuwa ikimiminwa bila kipimo kwenye mashine mpya za joto.

Katika miaka hiyo daktari kijana, Arnall Patz, alikuwa Washington. Yeye na mwenzake Leroy Hoeck waliwagawa watoto makundi mawili, moja lipewe oksijeni nyingi kama desturi, jingine lipewe kidogo. Inasimuliwa kwamba usiku baadhi ya wauguzi waliwafungulia oksijeni watoto wa kundi la pili, kwa kuwaonea huruma, wakiamini madaktari wanawanyima pumzi.

Tulisoma aya hiyo mara mbili, kisha hakuna aliyesema kitu kwa muda. Wauguzi wale hawakuwa wazembe. Mzembe angelala. Waliamka usiku wa manane wakaenda kufungua mtungi kwa upendo, na mtoto aliyefunguliwa alisogezwa karibu na upofu. Sisi hatukufungua mtungi, tulisogeza tarehe, lakini tuliutambua mkono ule.

Utafiti mkubwa wa hospitali 18 za Marekani ulithibitisha jambo hilo mwaka 1954. Oksijeni ikabanwa kila mahali, na upofu ukapungua sana. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Haikuishia hapo. Watoto walianza kufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1973 mtafiti mmoja wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, wapatao 16 walikufa. Ilichukua miaka mingi, na vifaa kama kile chenye taa nyekundu mguuni, kutafuta kiasi kinachofaa. Majaribio yaliyotolewa kuanzia mwaka 2010 yalilinganisha watoto waliowekwa kwenye asilimia 85 hadi 89 ya oksijeni katika damu na wale wa asilimia 91 hadi 95. Waliowekwa chini walipata madhara machache ya macho, lakini walikufa zaidi. Hivyo wauguzi leo hutembea kwenye ujia mwembamba, na wodi nyingi za kwetu hazina hata kifaa cha kuchanganya oksijeni ya mtungi na hewa ya kawaida.

Tulijiuliza pia kwa nini hatujawahi kusikia ugonjwa huu, sisi ambao tumekua tukitembelea shule za wasioona wakati wa Kwaresima. Jibu lilituumiza. Mwaka 1997 ulichapishwa uchunguzi wa Clare Gilbert na wenzake juu ya wanafunzi wa shule za wasioona katika nchi nyingi. Kuba, zaidi ya theluthi yao walikuwa wamepofuka kwa ugonjwa huu. Katika nchi nyingi za Afrika hakuonekana hata mmoja. Si kwamba watoto wetu walikuwa na macho imara zaidi. Walikuwa hawafiki umri wa kupofuka. Sasa wanafika. Kila wodi ya njiti inayofunguliwa, na tunaziombea zifunguliwe, inaleta pamoja nayo hitaji la mtu wa kuchungulia macho. Kinachosikitisha ni kwamba la kwanza hufunguliwa kwa utepe na hotuba, na la pili husahaulika.

Kwa ajili ya wazazi wanaosoma hapa: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aulizwe macho yake yapimwe lini, hata kama hakuna aliyelitaja. Nchi tajiri hupima zaidi wale wa chini ya wiki 31 au gramu 1500. India, ambako hali ya wodi nyingi inafanana zaidi na yetu, hupima wote wa chini ya wiki 34 au gramu 2000, kwa sababu huko hata watoto wakubwa kidogo hupatwa, na wazazi hufundishwa kuhesabu siku 30 tangu kuzaliwa. Kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa mpaka daktari aseme mishipa imefika mpakani.

Tulikwenda kwa mlezi wetu wa kiroho. Tulimweleza yote pamoja na historia ya Washington, na tunakiri kwamba historia ile tuliieleza kwa urefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja.

"Mama mmemwambia?"

Hatukuwa tumemwambia. Tulikuwa tumemsindikiza, tumemchangia, tumemwombea. Kumwambia kwamba ile Alhamisi ilikuwa ya maana kuliko zote, na kwamba sisi ndio tulioisogeza, hatukuwa tumefanya. Tulikwenda kigangoni Jumamosi, wote watatu, kwa miguu kutoka barabara kuu. Tulimkuta anapepeta mahindi, bibi kando yake amempakata mtoto. Tulisema shikamoo, tukakaa kwenye vigoda, tukasema.

Mama hakulia. Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Frateri, mimi mwenyewe nilitaka kusikia hivyo," alisema. "Mngeniambia niende, ningempigia mtu mwingine."

Tulidhani imekwisha, tukashusha pumzi. Bibi ndiye aliyezungumza.

"Nyinyi mnasoma miaka mingapi?"

Tukamwambia, pamoja na falsafa na teolojia, ni miaka saba na zaidi.

"Na katika miaka yote hiyo hamjafundishwa kusema sijui?"

Kisha akaagiza tuletewe uji. Tuliunywa. Ulikuwa wa moto sana na hatukuthubutu kuupuliza.

Lililofuata hatukulitegemea. Habari za binti zilisambaa kigangoni, na zilivyozidi kusambaa zilibadilika. Wapo waliouliza lile swali la kale ambalo wanafunzi walimuuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa, nani alikosa, yeye au wazazi wake. Hao tuliwajibu kwa Injili ya Yohane sura ya tisa. Wengine walisema ni kijicho cha jirani. Lakini maneno yaliyotutisha zaidi yalikuwa haya: oksijeni ya hospitali inapofusha watoto. Ni nusu ya ukweli, na ilitoka kwetu, kwa sababu tulikuwa tumeeleza mambo ya 1954 jumuiyani na hatukuyamaliza.

Baada ya Misa moja mama kijana mwenye mimba, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, alitufuata nyuma ya kanisa. Aliuliza kwa sauti ya chini: ikitokea tena mtoto akazaliwa mapema, amkatalie daktari kuweka ule mrija?

Safari hii hakuna aliyekimbilia kujibu. Tulimpigia simu sista wa wodi pale pale, tukampa mama simu. Tulisikia sehemu tu ya mazungumzo. Sista alimwambia mtoto asiye na pumzi hawezi kungoja mpaka apimwe macho. Mrija awekewe. Ila aulize kile kifaa cha mguuni kinasoma ngapi, na siku ya 30 aidai, hata kwa kelele. Mama akasema "haya, sista" mara nyingi. Jumapili iliyofuata tulirudia jambo lile lile katika matangazo, kwa ruhusa ya padre, tukiwa tumeliandika kwenye karatasi na kumsomea sista kwanza.

Tangu wakati huo tuna daftari. Liko kwa sista, si kwetu. Limeandikwa tarehe za kliniki ya macho za kila mtoto anayetoka wodini, jina la kijiji, namba ya simu ya mama na ya jirani. Jumanne usiku, kabla ya ukimya mkuu, mmoja wetu huazima simu ya ofisi na kupiga. Wakati mwingine simu haipatikani, na hapo tunampigia katekista. Mama mmoja alituambia kwa hasira kwamba amechoka kukumbushwa. Tulifurahi kugombezwa na mtu anayekwenda kliniki.

Binti sasa anatambaa. Anavaa miwani yenye kamba nyuma ya kichwa, kwa kuwa wanaopona ugonjwa huu mara nyingi hubaki na uoni hafifu wa mbali, na akiivua humrushia kuku. Akitaka kukutazama hugeuza kichwa kidogo upande wa kushoto ili jicho la kulia likupate. Mwanzoni tulipomwona akifanya hivyo tulikuwa tunatazama chini. Kliniki yake inayofuata ni Alhamisi ya wiki ijayo. Daraja limejengwa la mawe, lakini katekista amekwisha kutafuta pikipiki, na bibi amesema atakwenda naye mwenyewe.